Mlima Uliouongeza Kwenye Kitabu cha Seremala

Biira mama,

Salamu tumepeana asubuhi kwenye chai, na kesho tutapeana tena kwenye stendi ya basi, kwa hiyo hapa naziacha. Mambo ya blanketi, ya maji ya kuchemsha na ya kutomwachia begi mtu usiyemjua, mama yako anayasema tangu Jumatatu. Hata sasa nikiwa hapa kibandani namsikia akiyasema nyuma ya nyumba, sijui anamwambia nani, maana wewe najua umekwenda kusuka nywele. Mimi nina langu. Nataka kukupa maoni yangu kuhusu vitabu ulivyonisomea, yote, bila kumwonea mtu haya.

Usicheke. Umeme umekatika tangu saa sita, simu za watu zimelala mezani zikingoja chaji, wenyewe wametawanyika sokoni, na malori ya kwenda Kongo yamesimama barabarani kama kawaida ya Bwera, hapa mpakani. Mzee mwenye macho mawili yanayoona afanye nini kama si kuandika? Mwaka jana ningeandika mstari juu ya mstari na ungedhani kuku amepita na wino miguuni.

Mtoto wa jicho alipoanza kunifunika, kwanza kulia halafu kushoto, kazi ya kuchaji simu niliiweza kwa vidole. Lakini kusoma kulikwisha. Kwa mtu aliyejifunza kusoma Kiswahili katika kambi ya polisi, na ambaye madereva wa kutoka Mombasa humwachia vitabu vyao vilivyochanika majalada, hilo lilikuwa pigo, na sikulipokea vizuri. Nilikuwa mkali kama afande asiyelipwa. Wewe ulikuwa ndiyo umemaliza chuo cha wakunga, unangoja kupangiwa kazi, ukachoka kunisikia nikigombana na redio. Ukaketi jikoni na simu yako, ukasoma kitabu kizima kwa sauti, ukakitia kwenye memori kadi. Ukaniwekea mkononi mimi baba yako ukasema, “Tata, chomeka hii mu redio, halafu unyamaze.”

Nikanyamaza. Basi sikiliza sasa.

Tuanze na kile cha mpelelezi. Yule bwana anamkamata muuaji kwa sababu ya kitako cha sigara. Biira, mimi nilivaa sare ya polisi tangu ndevu hazijaniota vizuri mpaka zikaanza kuwa nyeupe, na nakuambia muuaji hakamatwi kwa sigara. Anakamatwa kwa sababu shemeji yake amegombana naye na amekuja kusema. Na huyu mpelelezi haandiki ripoti, hafokewi na mkubwa wake, na viatu vyake havivuji hata mvua inaponyesha sura nzima. Mwandishi huyu hajawahi kuingia kituo cha polisi hata kuuliza njia. Lakini nilikisikiliza mara mbili, nakiri, kwa sababu ya ile sauti nene uliyompa mwizi.

Kile cha mjane na kesi ya shamba ni kirefu kuliko foleni ya malori. Kila mtu akifungua mdomo inatoka methali, hata mtoto wa darasa la kwanza, hata mlevi. Nani anaongea hivyo? Mimi mzee mzima nikitoa methali mbili kwa siku mama yako ananiuliza kama nina homa. Lakini mwandishi wake amekaa mahakamani, hilo siwezi kumnyima. Kesi inaahirishwa, mjane anarudi nyumbani na chakula alichofunga, anakila njiani peke yake. Hapo sikupumua. Hiyo ni kweli tupu, na nimeiona.

Halafu yule kijana wa kuuza nyimbo akaniletea kutoka ng'ambo ya mpaka, Kasindi, kitabu cha kusikiliza cha studio, akisema baba, hiki ndicho chenyewe. Kilinikera. Kuna kinanda kinalia nyuma, na msomaji analia kabla mimi sijajua kuna nini. Mtu akinililia mapema hivyo naanza kumshuku, ni kazi iliyonifundisha. Nikakirudisha siku ile ile.

Vyako havikuwa na kinanda. Vilikuwa na jogoo, vilikuwa na boda boda zinazopita, na katikati ya hukumu ya mjane anasikika mama yako: “Weye Biira! Maharagi inaungua!” Na wewe: “Niko nakuja, Mama.” Kimya kidogo, sufuria, halafu hakimu anaendelea kusoma. Mpaka leo nikikumbuka kesi ile nasikia harufu ya maharage. Kama kuna watu wanaotoa tuzo za kusoma, mimi ningekupa.

Sasa tufike kwa seremala.

Wewe unajua nilivyokipenda hicho. Seremala na mkewe na kabinti kao, katika mji ule wa tambarare wenye joto na vumbi. Binti anapata homa, baba anahangaika, halafu, kwenye kadi yako, binti anapelekwa kwa bibi yake mlimani kwenye hewa safi, na anabaki huko anakua. Baada ya hapo seremala anatengeneza sanduku dogo. Wewe ulisoma kwamba ni sanduku la vifaa vyake, misumari na randa. Na anapolipiga randa sanduku lile anatokwa na machozi.

Hilo lilinisumbua. Mtu mzima analilia sanduku la misumari? Niliwauliza wateja wangu hapa. Dereva mmoja akasema labda ni vumbi la mbao. Mimi nikamtetea mwandishi, nikasema wewe hujui mafundi, fundi wa kweli anavipenda vifaa vyake hivyo. Nilihubiri hapa kibandani juu ya mapenzi ya fundi na randa yake mpaka watu wakachukua simu zao kabla hazijajaa.

Nilipofunguliwa bandeji kule hospitali baada ya upasuaji wa macho, cha kwanza kukiona kilikuwa doa la wino kwenye kola ya nesi, na nikalifurahia doa lile kupita kiasi, mpaka akadhani namcheka. Cha kwanza kukisoma nilipofika nyumbani kilikuwa seremala. Nilitaka kuzikuta zile sentensi kwa macho yangu. Ulikuwa umeenda kisimani. Nikafika kwenye homa, nikafungua ukurasa, na hakuna bibi. Hakuna hewa safi. Kitabu kile, Biira, hakina mlima hata mmoja kutoka jalada hadi jalada. Mtoto anakufa alfajiri, na sanduku ni la kwake.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa naandika maelezo ya mashahidi. Najua, kwa sababu ndiyo kazi niliyoiweza, kwamba anayeficha jambo mara nyingi hasemi uongo, anaruka tu. Anakuambia alitoka nyumbani, halafu yuko sokoni, na ile njia ya katikati haipo. Na wewe, mtoto niliyekubeba mgongoni, ulinitengenezea mlima mzima kwenye mji wa tambarare nami nikaupanda bila kuuliza swali. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yako ilifika mpaka mwisho wa kitabu na hakuna aliyekukamata.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nililijua lile neno, kupelekwa kwa bibi mlimani. Neno lile ni langu. Mimi ndiye niliyelitunga.

Huku kwetu Wakonzo jina linasema kabla ya mtu kusema. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, na Mkonzo yeyote akikusikia ukiitwa Biira anajua kuna Masika mbele yako. Ulipokuwa mdogo, tukitembelewa na watu wa huku, unakuja kuuliza, Tata, watu wananiuliza Masika yuko wapi, nilikuambia yuko Nyakalengija kwa bibi yake, kule mlimani kwenye hewa nzuri.

Nitakuambia sasa sawasawa, mara moja. Masika alishikwa na homa tukiwa kambini Kasese. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Mama yako alimtuma jirani aje kituoni aniambie mtoto anawaka, nami nikasema wangoje nimalize zamu. Nilikuwa na cheo kipya na nilikiogopa. Nilipomaliza zamu tulimkimbiza, lakini tulikuwa tumechelewa. Daktari alisema ile homa ilikuwa kali, pengine hata tungemleta mapema isingesaidia. Hilo “pengine” nimelala nalo miaka yote hii, na wewe kwa kazi yako utajua lina uzito gani. Tulimzika Nyakalengija kando ya migomba ya mama yangu. Hatukupata mtoto mwingine baada yako.

Watu waliniita Baba Masika, na kila aliyeniita alinichoma. Nikaomba uhamisho. Nikapelekwa mashariki, kwenye kambi ambako majirani walikuwa Waacholi na Wateso na Waganda, na kwao Biira lilikuwa jina tu kama Grace. Kambi nzima ikaniita Baba Biira. Niliona nimeshinda. Nikamkataza mama yako kulitaja lile jina la kwanza, na huo ndio ubaya wangu mkubwa kuliko wa zamu, kwa sababu zamu ilikuwa usiku mmoja. Kumnyamazisha mama kuhusu mtoto wake nilifanya kila siku. Halafu ujinga wenyewe: nilipostaafu nikarudi huku huku, nikafungua kibanda Bwera, mahali ambapo kila mwanamke anayeleta simu anajua kuhesabu mabinti. Mteja wangu wa kwanza aliuliza, “Baba Biira? Na Masika aliolewa wapi?” Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kifo kilikuwa kimeshakuja zamani na bado nilikuwa naficha.

Kwa hiyo barua yako ya kazi ilipokuja, kituo cha afya, Karamoja, nawe ukasema huendi, mimi nilidhani ni woga wa mbali. Kwanza ulisema ni macho yangu. Macho yakapona. Ukasema ni mgongo wa mama yako. Mgongo ukaona aibu nao ukapona. Ukasema basi utangoja kitu cha karibu, Kinyamaseke au hapa hapa, na siku ya kuripoti inakaribia. Nilikuwa nakuona unapoteza kazi uliyoisomea, na sikujua nikushike wapi.

Ndiyo maana Jumapili ile baada ya kanisa nilikitoa kitabu nikasema, leo msomaji ni mimi. Uliona jalada ukabadilika uso. Mama yako alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikasoma homa. Ukasimama.

“Tata, ruka hapo.”

“Kwa nini?”

“Pale iko mubaya. Soma ya mbele.”

Nakiri nilitaka kuruka, kidole kilikuwa tayari kwenye ukurasa wa mbele. Ni mama yako aliyesema, bila kuinua macho kwenye ungo, “Acha asome. Miye niko nasikia. Nimengojea mutu aseme hii neno myaka mingi.”

Nikasoma mpaka mwisho. Mtoto akafa, sanduku likawa sanduku. Hakuna aliyeanguka. Mama yako akafuta macho kwa kanga, akasema, “Masika yetu alikuwa navalisha mbuzi kofia ya polisi. Baba yake anatafuta kofia, afande anapiga kelele, kumbe kofia iko na mbuzi.” Na akacheka, Biira. Uliona mwenyewe. Tangu wewe huna meno sijamsikia akilitaja lile jina, na alilitaja akicheka. Mimi nililia hadharani mbele ya mke na mtoto na sikuona haya, na kifua changu, ambacho nilizoea kukibeba kama gunia la saruji, kikawa chepesi hivi kwamba nilipoinuka niliyumba.

Ndipo ukatuambia. Kwamba ulipokwenda Nyakalengija likizo ile ya shule ya msingi, bibi alikuonyesha kaburi kando ya migomba, akakuambia usituulize. Ulirudi ukasema, “Bibi anawasalimia,” ukaenda kucheza. Mtoto wa darasa la nne. Na uliposoma kitabu cha seremala jikoni, ulifika kwenye homa, ukasikia mimi nakohoa sebuleni, ukashindwa. Ukachukua mlima wangu ukanirudishia.

Na kuhusu Karamoja ukasema kile ambacho sikukitegemea: “Mulipoteza moja. Nikawaza, nikienda na miye, mutakuwa mumepoteza wote wawili, na hata kusema hamutasema. Mutakaa tu na hiyo kimya.” Mama yako akakujibu vizuri kuliko mimi: “Sasa tuko nasema. Enda kazi.” Kesho yake ulitoa begi juu ya kabati. Sijawahi kufurahia sauti ya zipu namna ile.

Sasa nikupe maoni yangu ya mwisho kuhusu kitabu hicho, kama msomaji kwa msomaji. Mwisho wako ni mzuri. Una hewa, una bibi, na mtoto anakua. Lakini una kasoro moja: unamfanya seremala awe mjinga. Analia na hatujui analilia nini, na majirani zake hawawezi kumwambia pole, kwa sababu nani anampa pole mtu aliyetengeneza sanduku la misumari? Katika kitabu chenyewe majirani wanakuja. Wanakaa kwenye mbao zake, mmoja anashika upande wa pili wa msumeno. Hapo ndipo palipo patamu, na mimi nilikuwa sijawahi kupasikia, kwa sababu ukiondoa kifo inabidi uwaondoe na majirani.

Huko unakokwenda utapokea watoto wengi wakilia vizuri, namshukuru Mungu. Utapokea na wengine ambao hawatalia. Mama wa huyo mtoto atakutazama usoni, na nakujua, moyo wako utatafuta mlima. Sina la kukufundisha kuhusu kazi yako. Nakuambia tu kwamba mimi nilipewa mlima na nilikaa juu yake miaka mingi, na juu kule hakuna mtu mwingine.

Na sisi pia usituchunge. Ukipiga simu, usituambie kila kitu kizuri halafu ukaruka mpaka salamu. Mimi sasa naona pale njia inapokatika. Siku ikiwa mbaya, sema ilikuwa mbaya. Mama yako atakuwa na ungo wake, mimi nitakuwa na kiti changu, tutasikiliza ukurasa mzima.

Leo asubuhi, ulipopita na begi la mashati kwenda kwa fundi, alikuwepo hapa mama mmoja wa kuuza mihogo. Alikuwa ameleta simu. Akakutazama akaniuliza, “Biira ndiyo anaenda? Na Masika iko wapi, Baba Biira?” Swali lile lile. Nikaweka simu yake kwenye waya kwanza, ili mikono iwe na kazi. Nikamwambia, “Masika alikufa akiwa mudogo. Iko Nyakalengija, kwa mama yangu.” Nilingoja kitu kibaya kitokee. Yule mama akasema, “Woo, pole sana, Baba Masika.” Akaniachia mhogo mmoja juu ya meza akaenda zake. Ni hivyo tu. Kumbe ilikuwa ni hivyo tu.

Kitabu cha seremala nimekutilia kwenye begi, chini ya blanketi, mama yako asije akakitoa ili atie unga. Memori kadi nabaki nayo mimi. Siku nikihitaji kupanda mlima nitausikiliza, na jogoo, na maharage yanayoungua, nikijua kwamba ni mlima aliouweka mtoto wangu.

Umeme umerudi, simu zote zimeanza kulia kwa pamoja. Nenda salama, mwanangu. Nenda na moyo mweupe, hapa hakuna anayebaki peke yake.

Mimi baba yenu wawili,
Baba Masika